Ukumbi Usio na Makofi: Chemsha Bongo za Televisheni katika Mwaka wa Karantini

Mwezi wa Septemba 2001, katika studio za Elstree nje kidogo ya London, afisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Charles Ingram aliketi kwenye kiti cha Who Wants to Be a Millionaire?, mchezo wa maswali uliokuwa umewateka mamilioni ya watazamaji, akayajibu maswali yote 15 na kutangazwa mshindi wa pauni milioni 1. Fedha hizo hakuzitia mkononi kamwe. Watayarishaji walipousikiliza upya mkanda wa kipindi waligundua kwamba mara kadhaa Ingram alipokuwa akiyataja majibu kwa sauti, mithili ya mtu anayewaza peke yake, palisikika kikohozi ukumbini, na kikohozi hicho kiliangukia papo hapo penye jibu la sawa. Mahakamani, mwaka 2003, upande wa mashtaka ulihesabu vikohozi 19 vyenye maana. Tecwen Whittock, mshiriki mwenzake aliyekuwa akingoja zamu yake, alijitetea kwamba ana mzio wa vumbi na koo lake halimpi raha. Utetezi huo haukukubaliwa. Ingram, mkewe na Whittock walitiwa hatiani, nao wote watatu hawakuacha kusema kuwa wameonewa.

Kisa hicho kilitungiwa tamthilia na James Graham, nayo ikaonyeshwa na kituo cha ITV kwa usiku mitatu mfululizo, tarehe 13 hadi 15 Aprili 2020. Siku hizo Waingereza walikuwa wamefungiwa majumbani kwa wiki tatu. Hakuna aliyekuwa amekusudia sadfa hiyo, kwani tamthilia ilikwisha kutayarishwa kabla ya maradhi kuingia. Lakini aliyeitazama hakuweza kuukwepa ukweli kwamba kikohozi, ambacho miaka 19 nyuma kilikuwa ushahidi wa hila, sasa kilikuwa dalili ya mauti. Hadhira ile ya Elstree, watu walioketi bega kwa bega gizani wakipumua hewa moja, ilionekana kama masalio ya zama nyingine. Na wakati huohuo, ukumbi halisi wa mchezo huo, sawa na kumbi za takriban kila mchezo wa televisheni duniani, ulikuwa umefungwa, na watayarishaji wakiulizana watarudi vipi kazini bila ya hadhira hiyo.

Swali lao lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Filamu yaweza kupigwa bila ya mtazamaji kuwapo. Taarifa ya habari yaweza kusomwa na mtu mmoja chumbani mwake. Lakini mchezo wa maswali wenye zawadi ya fedha umejengwa juu ya mashahidi, na ujenzi huo una historia yake.

Marekani, miaka ya 1950, michezo ya maswali ndiyo iliyokuwa mfalme wa televisheni changa. Mmojawapo, Twenty-One, uliwaweka washindani wake ndani ya vibanda vya vioo visivyopenya sauti, masikioni wamevaa vipokezi, ili mtazamaji asadiki kwamba hakuna awezaye kuwanong'oneza neno. Kilikuwa kibanda cha kutenga, na kutengwa huko kulikusudiwa kuwa alama ya uaminifu. Kumbe vioo vile vilikuwa pambo tu, kwani majibu yalikuwa yakitolewa kabla mtu hajaingia kibandani. Mwezi wa Desemba 1956 Herbert Stempel, bingwa aliyekuwa akitawala, aliamriwa ashindwe na Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu mwenye sura na nasaba ya kupendeza. Stempel alitakiwa akosee swali kuhusu filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu ambayo yeye mwenyewe aliipenda. Akakosea kama alivyoagizwa, na inasemekana fedheha hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko fedha alizozikosa. Mwezi wa Novemba 1959 Van Doren alikiri yote mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria inayofanya kupanga matokeo ya mchezo wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Tangu hapo mchezo wa maswali umeishi chini ya macho ya wasimamizi. Washiriki hutenganishwa na watunga maswali. Mwendeshaji haruhusiwi kuzungumza nao faragha kabla ya mchezo. Hata umbo la Jeopardy!, uliozinduliwa mwaka 1964, lilizaliwa katika kivuli cha kashfa hiyo. Mtungaji wake, Merv Griffin, alikuwa akilalamika kwamba michezo ya maswali haitakiwi tena, ndipo mkewe Julann alipomtania kwamba, kwa nini basi asiwape washiriki majibu waziwazi, wao watafute maswali? Masihara ya ndani ya ndege yakawa mchezo uliodumu kuliko wote wa kizazi chake.

Mchezo huo ndio unaofaa kufuatwa kwa karibu katika mwaka wa 2020, kwa sababu mwendeshaji wake, Alex Trebek, alikuwa na miaka 79 maradhi yalipoingia, na tangu Machi 2019 alikuwa ametangaza kwamba ana saratani ya kongosho iliyofika hatua ya nne. Alikuwa ameuendesha mchezo tangu 1984. Mwanzoni mwa Machi 2020, kabla serikali hazijaanza kufunga miji, Jeopardy! na mwenzake Wheel of Fortune, ambayo yote hutayarishwa katika studio za Sony huko Culver City, California, iliamua kurekodi bila ya hadhira. Hadhira yake kwa kawaida huwa na wazee wengi, na kwa Trebek mwenyewe, ambaye kinga yake ilikuwa imedhoofishwa na dawa, ukumbi uliojaa watu ulikuwa hatari tupu. Siku chache baadaye kazi yote ikasimama.

Watazamaji hawakuhisi mara moja. Michezo hii haitayarishwi siku ya kuonyeshwa. Katika siku moja ya kazi hurekodiwa vipindi vitano vya Jeopardy!, mwendeshaji akibadilisha suti katikati ili ionekane ni siku nyingine, na hivyo ghala huwa na akiba ya miezi. Akiba hiyo ilidumu hadi tarehe 12 Juni 2020. Baada ya hapo vikatolewa vipindi vya kale kutoka kabatini, na Trebek akavitambulisha kwa maneno mafupi aliyoyarekodi nyumbani kwake. Mtu mgonjwa, sebuleni mwake, akiwatambulisha watazamaji kwa ujana wake mwenyewe wa mwaka 1984. Televisheni haikukusudia kutunga shairi hapo, lakini ni vigumu kuliona jambo hilo kwa jicho jingine.

Kazi ilipoanza tena kiangazi cha mwaka huo, mabadiliko yalikuwa mengi na mengine ya kuchekesha. Wafanyakazi walivaa barakoa na kupimwa. Meza za washindani wa Jeopardy! zilisogezwa mbalimbali, na kule kupeana mikono kukaisha. Kwa kuwa kusafiri kwa ndege kulikuwa kwa hofu, mwanzoni walichaguliwa zaidi washiriki wakaao kusini mwa California, wanaoweza kufika kwa gari zao. Wheel of Fortune ulikuwa na tatizo la peke yake. Gurudumu lake lina uzito wa zaidi ya tani moja, na washiriki watatu hulizungusha kwa zamu wakishika vipini vilevile. Mafundi walilitanua jukwaa ili washindani wasimame mbalimbali, kisha wakabuni kifuniko cheupe, ambacho kila mshiriki alipewa chake, akivisha kipini, akizungusha, akikivua. Hivyo chombo kizito kuliko gari dogo, chenye taa na umeme wake, kikaokolewa na kitu kisichozidi ukubwa wa kikombe.

Mtu aweza kuuliza kwa nini usumbufu wote huo, ilhali mikutano ya ofisi, masomo ya shule, hata ibada na harusi zilikwisha hamia kwenye vioo vya kompyuta. Kwa nini washindani wasichezee makwao? Ipo michezo iliyofanya hivyo. Tarehe 3 Aprili 2020 kipindi cha BBC cha kejeli za kisiasa, Have I Got News for You, kilirudi hewani kila mchezaji akiwa nyumbani kwake, picha zao zikaunganishwa kana kwamba wameketi meza moja. Lakini huko kinachoshindaniwa ni kuchekesha. Alama hutolewa kwa dhihaka, wala hakuna anayejali nani kashinda. Penye fedha mambo ni mengine. Mshindani aliye nyumbani kwake anaweza kuwa na ndugu nyuma ya kamera, kitabu chini ya meza, simu mapajani. Tena kuna suala la kitufe. Katika Jeopardy! washindani watatu hushindana nani atabonyeza kwanza, na tofauti baina yao ni sehemu ndogo ya sekunde. Mawasiliano ya intaneti, ambayo humfikia mmoja upesi na mwingine kwa kuchelewa, yangeigeuza mizani hiyo kuwa bahati nasibu.

Wapenzi wa ushairi wa pwani wataiona tofauti hiyo vizuri zaidi wakikumbuka kwamba mashindano ya mbali si jambo geni kwao. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa tungo zilizovuka bahari, kila mmoja akiwa katika mji wake. Baadaye kujibizana kukaingia magazetini, mtunzi wa Tanga akamtupia fumbo mtunzi wa Unguja, jibu likatoka baada ya wiki kadhaa. Hakuna aliyelalamika kwamba mshindani kapata fursa ya kuwauliza wazee, kwani kuuliza wazee ni sehemu ya utunzi. Umbali haukudhuru kitu, kwa sababu kilichokuwa kikipimwa ni ubora wa jibu, na jibu zuri huvumilia kungoja. Chemsha bongo ya televisheni hupima kitu kingine, nacho ni kile ambacho mtu anakijua dakika hii, peke yake, mbele ya watu. Ondoa saa na uondoe watu, umeondoa mchezo.

Ndiyo maana watayarishaji walikubali kuachana na mambo mengi, lakini si chumba kimoja. Waliacha safari, wakaacha kupeana mikono, wakaacha wapambaji wa uso kumkaribia mshiriki. Na kwa uchungu zaidi wakaiacha hadhira.

Hasara ya hadhira haikuwa sawa kila mahali, na hapo ndipo mwaka wa 2020 ulipofichua jambo ambalo hapo kabla halikuwa likitazamwa sana. Katika Jeopardy! hadhira ni waungwana wanyamavu. Hupiga makofi inapostahiki na kunyamaza. Kutokuwapo kwao kulibadilisha sauti ya kipindi tu. Lakini katika The Price Is Right, mchezo wa kukisia bei ambao umeonyeshwa na CBS tangu 1972, hadhira ndiyo mchezo wenyewe. Kwa desturi washiriki huchaguliwa miongoni mwa watazamaji waliopanga foleni nje ya studio, na hawajui kama wameteuliwa mpaka wasikie jina lao likiitwa na kuamriwa kuteremka. Kishindo cha kipindi kimo katika mshituko huo. Aidha mshiriki aliyekwama hugeuka nyuma, na umati humpigia kelele bei. Mwaka 2008 mshindani mmoja, Terry Kniess, alitaja thamani ya zawadi za mwisho bila ya kukosea hata dola moja: 23,743. Kipindi kilisimamishwa kwa muda, kwa hofu kwamba kuna hila. Kniess alisema alikuwa amezikariri bei mwenyewe. Mtazamaji mmoja mkongwe wa mchezo huo, aliyekuwa ukumbini siku hiyo, akasema ni yeye aliyeipaza hesabu hiyo. Lolote liwalo, si mmoja wao aliyevunja sheria, kwa kuwa kupiga kelele kumeruhusiwa. Mchezo huo uliporudi mwishoni mwa 2020, viti vilikuwa vitupu na washiriki walikwisha teuliwa kabla. Mwendeshaji, Drew Carey, aliwaita watu waliokuwa wakijua kwamba wataitwa. Aliyegeuka nyuma kutafuta msaada alikuta ukimya.

Jambo hili lingewashangaza kidogo watoto wa pwani waliocheza vitendawili barazani. Mchezo wa vitendawili haumtambui mtazamaji. Mmoja anatamka neno lake la kufungulia, na wote kwa pamoja wanamwitikia atege. Anatega, na jibu laweza kutoka kwa yeyote, kuanzia bibi kizee mpaka kitoto cha miaka minne. Wakishindwa wote, hulazimika kumpa mji, naye huuzunguka kwa maneno, akila na kunywa vya huko kwa mawazo, ndipo akawafumbulia. Hadhira ndiyo inayoshindana, nayo ndiyo inayolipa ikishindwa. Televisheni iliuchukua mchezo wa aina hiyo, ikamtoa mtu mmoja kutoka kwenye kundi, ikamweka kwenye mwanga, na wengine ikawaweka gizani wawe mashahidi. Lakini hata gizani walibaki na ujuzi wao.

Ujuzi huo ulikwisha pimwa. Katika mchezo wa Millionaire mshiriki aliyekwama ana njia kadhaa za msaada: kuondolewa majibu mawili yasiyo sahihi, kumpigia simu rafiki, au kuiuliza hadhira, ambayo hubonyeza vitufe na kura zao zikahesabiwa papo hapo. James Surowiecki, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu hekima ya umati, alichunguza matokeo ya mchezo huo Marekani. Marafiki, ambao washiriki huwachagua kwa kuwa ndio wajuzi kuliko wote wanaowafahamu, walijibu sawasawa mara 65 katika kila 100. Hadhira, mkusanyiko wa watu wasiojuana ambao hawakuwa na kazi nyingine mchana huo isipokuwa kuketi studioni, ilijibu sawasawa mara 91.

Basi Millionaire ya Uingereza ilipoanza tena kurekodiwa mwaka 2020 bila ya hadhira, chini ya Jeremy Clarkson, watayarishaji waliifuta njia ya kuiuliza hadhira na badala yake wakampa mshiriki simu ya pili kwa rafiki. Kwa juujuu badala hiyo yaonekana ya haki, msaada mmoja kwa msaada mmoja. Kwa hesabu za Surowiecki, mshiriki alinyang'anywa 91 akapewa 65.

Na ajabu ni kwamba katika ukumbi huohuo mtupu alipatikana mshindi wa kwanza wa pauni milioni 1 kwa miaka 14. Donald Fear, mwalimu wa historia kutoka Telford, ambaye kaka yake alikuwa ameshinda pauni 500,000 katika mchezo huo mwaka 2019, alionekana akishinda tarehe 11 Septemba 2020. Njiani alitumia msaada mmoja tu. Swali la mwisho lilimtaka amtaje haramia aliyeuawa vitani mwaka 1718 karibu na pwani ambayo sasa ni North Carolina. Alijua ni Blackbeard, na alijua tangu swali lilipokuwa likisomwa, kwani mwaka ule ulikwisha kumwambia. Alikuwa bado na njia tatu za msaada mkononi. Hakuwa na umati wa kusimama na kumshangilia. Alikuwa na Clarkson, mafundi, na viti. Mtu aweza kusema kwamba ushindi wake unathibitisha kuwa hadhira haihitajiki. Pengine ni sahihi zaidi kusema kwamba mwaka ule ulimfaa mtu wa aina yake, asiyehitaji kumwuliza yeyote, na kwamba washiriki wa kawaida, wale wanaojua kiasi na kusahau kiasi, ndio walioilipa gharama.

Bara Hindi, mchezo huohuo kwa jina la Kaun Banega Crorepati ulipita katika mtihani mkali zaidi. Mwendeshaji wake, aliyeuanzisha Julai 2000, ni Amitabh Bachchan, ambaye kwa watu wa visiwani hahitaji kuelezwa. Kizazi kizima cha Mji Mkongwe kilikulia mbele ya pazia za Majestic, Empire na Cine Afrique kikimtazama akipigana. Mwezi wa Mei 2020 Bachchan alijirekodi nyumbani kwake akiwaita watu wajiandikishe kwa msimu wa 12, na mchujo wa washiriki ukafanywa kwa njia ya simu na intaneti, jambo ambalo kwa nchi kubwa kama ile liliwaondolea wengi gharama ya safari. Tarehe 11 Julai yeye mwenyewe akalazwa hospitalini Mumbai kwa UVIKO-19, pamoja na mwanawe Abhishek. Alitoka tarehe 2 Agosti. Kabla ya mwezi wa Septemba kwisha alikuwa amerudi kitini, mtu wa miaka 77, akiwa amezungukwa na mafundi waliovaa mavazi ya kujikinga kama wauguzi.

Kwa mara ya kwanza tangu mchezo huo uanze, hapakuwa na hadhira. Washiriki wa kila duru la kwanza walipunguzwa kutoka 10 hadi 8, wakaketi mbalimbali. Njia ya kuiuliza hadhira iliondolewa, na mahali pake ikawekwa simu ya picha kwa rafiki. Hapa badala hiyo ilikuwa na ladha yake. Katika kioo kikubwa cha studio alitokea mjomba, mwalimu wa zamani, jirani, akiwa kwake, na nyuma yake ukuta wake na kalenda yake, akimwamkia Bachchan kwa unyenyekevu huku saa ikienda mbio. Kwa sekunde hizo chache studio ya Mumbai ilipata wageni wake kupitia dirishani. Mwezi wa Agosti 2021, msimu wa 13 ulipoanza, hadhira ilirudishwa ukumbini, na kura yake nayo ikarudi miongoni mwa misaada.

Kwingineko pengo la umati lilizibwa kwa makofi ya kurekodi. Hili ni jambo la kusikitisha kuliko ukimya wenyewe. Makofi ya kurekodi hayakosei. Hayachelewi, hayasiti, hayana yule mtu mmoja wa nyuma anayepiga kofi la ziada baada ya wote kunyamaza. Kwa mchezo ambao heshima yake yote ilijengwa upya baada ya 1959 kwa kuwahakikishia watu kwamba wanachokiona ndicho kilichotokea, kutia shangwe ya watu wasiokuwapo kulikuwa ni kurudi hatua moja kwenye kile kibanda cha kioo. Waliouacha ukumbi usikike mtupu walikuwa wakweli zaidi, japo baridi yake ilimfikia mtazamaji.

Katika studio ya Culver City baridi hiyo ilikuwa na sababu nyingine. Msimu wa 37 wa Jeopardy! ulifunguliwa tarehe 14 Septemba 2020, na Trebek, aliyetimiza miaka 80 mwezi wa Julai, aliendelea kufika kazini baina ya matibabu. Kila umbali uliowekwa katika studio ile ulimlinda yeye kabla ya kumlinda mtu mwingine. Tarehe 29 Oktoba alirekodi vipindi vyake vya mwisho bila ya yeyote kujua kuwa ndivyo vya mwisho. Alikuwa akitarajia kurudi. Alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 8 Novemba, siku 10 baadaye.

Kwa kuwa vipindi hivyo vilikuwa vimetangulizwa ghalani, Wamarekani waliendelea kumwona akiuliza na kusahihisha kwa miezi miwili baada ya kufariki kwake. Wiki yake ya mwisho ilionyeshwa kuanzia tarehe 4 Januari 2021. Kipindi cha Jumatatu hiyo alikifungua kwa kutoka nje ya desturi yake. Aliwakumbusha watazamaji kwamba wapo watu wengi wanaoteseka kwa sababu ya maradhi yale, akawaomba wawanyoshee mkono, na wakijitahidi kidogo, jamii yao itakuwa na upole zaidi. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Kisha akaanza mchezo.

Kipindi cha mwisho kilitoka Ijumaa tarehe 8 Januari. Hakina maagano yoyote, isipokuwa picha chache za kumbukumbu walizoziongeza watayarishaji mwishoni. Trebek anaonekana akiwataja washindani watatu waliosimama mbalimbali, anasoma maswali, anatangaza mshindi, anawaaga watu kama alivyokuwa akiwaaga siku zote. Jumatatu iliyofuata, tarehe 11, Ken Jennings, aliyewahi kushinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004, alisimama mahali pake kwa muda, akasema kwamba hakuna atakayeweza kamwe kuijaza nafasi ya Trebek, na mbele yake viti vya hadhira vilikuwa bado vitupu.